Faili Lililozaliwa Kila Asubuhi

Mkamwana wangu aliingia nyumbani kwetu Makandana na vitu viwili: sanduku la nguo na kompyuta ya kukunja. Sanduku nililielewa. Kompyuta niliiangalia kama unavyomwangalia mgeni ambaye hajasema atakaa siku ngapi.

Ilikuwa miaka ya soko huria. Bagamoyo yetu hii ya Tukuyu, mtaa wa maduka, ambayo mimi niliijua kwa chumvi, sabuni na mafuta ya taa, ilijaa ghafla vitu vilivyokwisha tumiwa na watu tusiowajua. Viatu vyenye umbo la miguu ya mtu mwingine. Redio zilizochoka kusikilizwa. Kompyuta ya mkamwana nayo ilikuwa ya mtumba, mgongoni imekwaruzwa pale palipokuwa na jina la mwenyewe wa kwanza. Betri yake ilikuwa imezeeka. Ukichomoa waya wa umeme ulikuwa na muda wa kupika chai, si wa kuinywa.

Mume wake, mwanangu wa mwisho, alikuwa Dar es Salaam, amepanga chumba kimoja. Walikubaliana kwamba mke atakaa kwetu maadamu ana kazi anayoweza kuifanya akiwa huku. Na kazi alikuwa nayo. Vijana fulani wa Mbeya walikuwa wanatengeneza programu ya kompyuta yenye picha za mazao, mkulima afungue aone zao ni lipi na linaugua nini. Mkamwana wangu alipewa ndizi. Alizipiga picha kwenye shamba letu la Ikuti, mkungu kwa mkungu, kila aina ya ndizi na folda yake: Mzuzu, Uganda, Harare. Akiishiwa kazi hiyo, au akitolewa, anafunga sanduku anamfuata mumewe. Hivyo ndivyo ilivyokuwa.

Mimi nilitaka abaki. Watoto wangu wote walikwisha shuka mlima, na nyumba ilikuwa imebaki na sauti ya mvua kwenye bati na ya mume wangu akiuliza kisu kiko wapi. Lakini sikumwambia. Mkamwana ukimwambia unamhitaji, kesho anakupimia chumvi.

Sasa lazima nieleze jambo moja, maana bila hilo mengine yote yataonekana ya wendawazimu. Sisi Wanyakyusa tuna heshima tunayoiita ukutila. Mkamwana na baba mkwe hawaonani uso, hawasemezani, na jina la baba mkwe halitoki kinywani mwa mkamwana. Wakikutana njiani, mkamwana anaingia migombani mpaka mzee apite. Siku hizi wengi wameilegeza. Nyumbani kwetu haikulegezwa. Mimi niliishi hivyo na baba wa mume wangu mpaka tukamzika, na sikuona sababu ya mtu mwingine kupata nafuu.

Kwa hiyo nyumba yetu iliendeshwa kwa kikohozi. Mume wangu akitaka kuingia sebuleni anasimama mlango wa mbele, anakohoa. Mkamwana akisikia anainuka, anatoka kwa mlango wa nyuma. Mzee anaingia, anakaa. Akitaka kutoka anakohoa tena, ili aliyeko uani ajue upande wa kukimbilia. Utaratibu ulikuwa mzuri mpaka mzee alipopata mafua. Kikohozi cha ugonjwa na kikohozi cha heshima havina tofauti ukiwa upande wa pili wa ukuta. Wiki nzima mkamwana aliishi kwa kutoka na kuingia. Mzee akikohoa kitandani, yeye huyo nje na kompyuta kifuani, juu ya kuku. Mwishowe akahamia kabisa chini ya mgomba na mwavuli. Mama mmoja wa kanisani kwetu akaniuliza kama nimemfukuza. Nikamwambia hapana, ana adabu.

Kompyuta ilikaa sebuleni kwa sababu tundu la umeme linalofanya kazi lilikuwa huko peke yake.

Siku moja tulikuwa tunamenya ndizi uani akanieleza kazi yao inavyokwenda.

"Sisi tuko wanne, mama, kila mtu kwake. Kazi yetu tunaiweka kwenye ghala moja lililo kwenye mtandao. Kila mmoja anachukua ya wenzake, anaongeza ya kwake, anarudisha. Na ghala linakumbuka nani ameweka nini, nani ametoa nini."

"Na mwizi?"

"Linamkumbuka pia."

"Hilo ghala zuri," nikasema, na nilimaanisha.

Hatujamaliza kumenya, simu yake ikalia. Alikuwa kiongozi wao wa Mbeya, kijana mwenye sauti ya kufokea ng'ombe, na simu za miaka ile zilikuwa na kelele, hukuhitaji kuombwa ili usikie.

"Dada, umetuletea tena."

"Nimeleta nini, kaka?"

"Yale mafaili. Kila folda ya ndizi ina faili limejificha ndani. Mzuzu limo, Uganda limo, Harare limo. Jana ghala limekataa kazi ya wenzako, linauliza lishike faili la nani, la kwako au la kwao."

"Nilifuta yote jana."

"Najua ulifuta. Si natazama historia hapa? Ameweka taka, ametoa taka, ameweka taka, ametoa taka. Dada, wewe unafanya kazi au unafagia?"

Mkamwana aligeuzageuza kisu mkononi. Kijana akashusha sauti kidogo, na ilipokuwa ya chini ndipo iliponitisha. Alisema Ijumaa picha zote za ndizi zinaunganishwa na kazi ya wenzake. Zikija safi, vizuri. Zikija na taka, ndizi atapewa mtu mwingine, na yeye asihangaike tena.

Simu ilipokatika nikamwambia habari ya chai, maana chai ndiyo niliyoijua. Kwenye kituo cha kuuzia chai unapeleka majani mawili na kichomozo, lile jani changa la juu. Karani anapindua kapu, anaangalia chini, pale unapodhani haangalii. Akikuta mashina na majani makavu anakwambia uchambue. Ukija tena hivyohivyo anakwambia uchambue, mbele ya watu. Ukija tena, anamwaga kapu zima, na yale mazuri nayo yanakwenda.

"Ndivyo walivyoniambia, mama."

"Sasa kwa nini unaweka?"

"Siweki mimi. Inaweka yenyewe." Akaionyesha kompyuta kwa kisu, kupitia dirishani. "Mtu akifungua folda aone picha ndogondogo, mashine inatengeneza faili la kukumbuka vile vipicha, ili kesho ifungue upesi. Inalificha humohumo."

"Nani ameiomba?"

"Hakuna. Inadhani inasaidia."

Watu wa namna hiyo ninawajua. Anakuja kukusalimia, anafagia uwanja wako bila kuombwa, takataka anazirundika mlangoni, halafu anangoja umwambie ndaga fijo, asante sana.

Akaniambia dawa yake ipo. Kuna orodha ndogo unaiweka mlangoni mwa kazi yako, unaandika majina ya vitu vya kupitwa. Kompyuta ikivikuta, inavipita kana kwamba haikuviona. Vyenyewe vipo, havifukuzwi, ila haviendi ghalani.

"Basi ni ukutila," nikasema.

Akacheka. "Ni ukutila, mama. Ila jina lazima uliandike."

Nikaacha kumenya. "Uandike jina la unayemkwepa?"

"Herufi kwa herufi. Ukikosea moja, haimkwepi."

"Huo ni ukutila wa watu wasiolelewa. Umeandika?"

"Nimeandika. Halifanyi kazi. Nafuta jioni, asubuhi yamezaliwa upya."

Tukaendelea kumenya. Baadaye akasema, bila kuniangalia, kwamba faili lina kawaida ya kuonyesha saa lilipozaliwa. Na haya yalikuwa yanazaliwa kila asubuhi saa ileile, wakati yeye yuko bondeni anakata majani ya ng'ombe.

Nikajua. Mimi wakati huo huwa nakamua, na kila asubuhi nikiwa chini ya ng'ombe nilisikia kikohozi mlango wa mbele, ijapokuwa sebuleni hamna mtu. Mume wangu alikohoa hata nyumba ikiwa tupu, kwa usalama. Mwanangu alipokuja likizo alikuwa amemfundisha baba yake kufungua picha. Nilimwona akimshika kidole na kukipeleka mahali, nikadhani ni mchezo wa siku moja.

Nikamtazama mkamwana. Yeye akatazama ganda la ndizi. Alikuwa anajua, na hawezi kusema, maana angesema angekuwa amemshitaki baba mkwe.

"Labda inajifungua yenyewe, mama."

"Haina mikono."

"Basi ni upepo."

"Ndiyo," nikasema. "Upepo wenye ndevu."

Asubuhi iliyofuata sikukamua. Nilisimama nyuma ya mlango. Kikohozi. Kimya. Mume wangu akaingia, amevaa koti lake la kwenda shambani na buti zake za mvua, akavua kofia mbele ya kompyuta, akakaa. Akabonyeza kwa kidole kimoja, polepole, kama mtu anayejaribu papai kama limeiva. Zikatokea ndizi zake, ndogondogo, mistari kwa mistari. Akasogeza uso. Akatikisa kichwa kwa mkungu mmoja uliokuwa umeinama. Akafunga, akafungua folda nyingine.

"Unafanya nini?"

"Niko shambani," akasema.

Nikamwambia aache mara moja. Hakubishana. Alivaa kofia, akatoka, akakaa kwenye kigoda barazani, na siku hiyo chai hakunywa. Siku ya pili hakunywa. Mpita njia akimsalimu "Ugonile, tata," aliitika kama mtu aliyefiwa, mpaka wengine wakaanza kuuliza msiba uko wapi. Nikaifunika kompyuta kwa kitenge na kuweka Biblia juu yake, ili nione kama ataisogeza. Hakuisogeza. Aliketi na kuitazama Biblia kupitia dirisha.

Mambo yakawa hayaendeki. Nikaamua yasemwe. Lakini yasemwe vipi, na wenyewe hawasemezani? Mume wangu nikamkalisha sebuleni, mkamwana nikamwacha jikoni, mimi nikasimama kwenye mlango wa katikati. Ukuta ule haufiki juu. Kila mmoja alikuwa anasikia pumzi ya mwenzake. Hata hivyo kila neno lilipita kwangu.

"Mwambie," mume wangu akaanza, "mimi sijaweka kitu humo. Naangalia tu."

Nikageukia jikoni. "Anasema anaangalia tu."

"Mwambie nimesikia, mama. Ila kuangalia kwenyewe ndiko kunakozaa faili."

Nikageukia sebuleni. "Anasema kuangalia kunazaa."

"Kunazaa? Tangu lini? Nimemwangalia ng'ombe wa jirani miaka yote hii, mbona hajazaa kwangu?"

Jikoni kikatoka kicheko kikazibwa na mkono. Mkamwana hacheki maneno ya baba mkwe. Nikasema kwa sauti, "Mkamwana anakohoa."

"Mpe tangawizi," akasema mume wangu. Halafu akainama, na sasa hakusema na mimi, alisema na buti zake. "Mwambie mkulima kila asubuhi anaamkia shamba. Magoti yangu hayafiki Ikuti tena kwa mvua hii. Humo ndani shamba halina tope."

Hilo sikulifikisha. Lilikwisha fika.

Jikoni nilisikia sufuria ikiepuliwa. Kisha mkamwana akasema, "Mwambie asiache, mama. Aangalie."

Nikasahau kwamba mimi ni mlango, nikamjibu mwenyewe. "Na Ijumaa je?"

"Ijumaa ni shida yangu. Siwezi kuwa mkamwana aliyemfungia baba mkwe shamba lake. Hata nikibaki, nitabaki vipi humu?"

"Ijumaa kuna nini?" akauliza mume wangu.

Nikamwambia. Picha zikienda na taka anatolewa kazini, akitolewa anakwenda Dar.

"Na kompyuta?"

"Inakwenda naye. Yake."

"Na ndizi?"

"Na ndizi."

Akawaza. Kisha akakohoa, na sijui mpaka leo kama kilikuwa cha kifua au cha mlango, ila nilipogeuka jikoni hapakuwa na mtu, na mlango wa nyuma ulikuwa unachezacheza.

Ijumaa ilinyesha kama kawaida ya kwetu, mvua isiyo na haraka. Duka la intaneti, alikopelekea kazi yake siku zote, lilikuwa Bagamoyo. Niliamua kwenda naye, nikasema nina haja ya sindano za kushonea. Kompyuta tuliifunga kwenye nailoni, akaibeba mgongoni kwa kitenge kama mtoto, nami nikashika mwavuli juu yake. Wanawake wawili wakatusimamisha njiani wakatoa hongera, wakauliza ni mtoto gani.

"Wa kike," nikajibu, nikampitisha. Sikuwa na muda wa maelezo.

Mwenye duka alikuwa Mwislamu mmoja, mzaliwa wa hapahapa Tukuyu, mfanyabiashara tangu kwa baba yake. Mbele aliuza vitenge na unga; nyuma, kwenye pembe, ndipo alipoweka mashine na nyaya za mtandao. Watu watatu au wanne walikuwa wamekaa wakingoja zamu.

"Shikamoo bibi. Leo mmekuja na yale mafaili yenu, wale panya wa kwenye folda?"

"Marahaba. Tumekuja kuwaacha nyumbani. Tupe waya."

Mkamwana akachomeka waya wa mtandao, akampigia kiongozi wao. Mikono yake yote ilikuwa kazini, kwa hiyo simu niliishika mimi sikioni pake, bega likaniuma.

"Orodha uliiandika lini?" kijana akauliza.

"Wiki iliyopita."

"Na mafaili yaliingia ghalani lini mara ya kwanza?"

"Kabla ya hapo."

"Basi ndiyo hivyo. Orodha inapita wale ambao hawajapokelewa. Hawa walikwisha pokelewa, ghala linawafuatilia, likiwaona wamerudi linawachukua. Liambie kwanza liache kuwafuatilia. Usiwafute, waache walipo. Wakishasahauliwa, orodha itashika."

Hicho kilikuwa Kiswahili cha kawaida. Mtu ukishampa kigoda huwezi tena kujifanya hukumwona. Unainuka, unamsindikiza mpaka nje, mnaagana, na akirudi ndipo unaweza kuwa hupo. Nikalisema hilo kwenye simu.

"Huyo nani?" kijana akauliza.

"Mama mkwe wangu."

"Ooh. Shikamoo mama."

"Marahaba. Usimharakishe."

Mkamwana akaanza kuyasindikiza. Folda moja baada ya nyingine, anaandika mstari, anangoja, anaandika mwingine. Kumbe ndizi zetu zilikuwa nyingi hivyo. Alipofika katikati, taa ndogo nyekundu ikawaka pembeni mwa kompyuta. Akapapasa kitenge. Akapapasa nailoni. Akanigeukia, na uso wake sikuupenda.

"Waya wa umeme, mama. Umebaki mezani."

Mwenye duka akaleta waya wake, tundu lilikataa. Akaleta mwingine, huo hata kuingia haukufikiria. Kutoka pale mpaka Makandana na kurudi, kwa miguu yangu na matope yale, betri ingekuwa imekufa na kuoza. Mkamwana aliendelea kuandika, haraka sasa. Kijana kwenye simu alikuwa anasema, "Dada? Dada, uko hewani?" na mimi nilimwambia anyamaze, watu wanafanya kazi.

Ndipo tuliposikia kikohozi mlangoni.

Mkamwana alisimama. Hakuwaza, miguu ilisimama peke yake, na kompyuta ikasimama naye, waya wa mtandao ukavutika mpaka ukawa kama kamba ya kuanikia. Nikamkandamiza bega kwa mkono wenye simu. "Kaa!" Kijana wa Mbeya akasema, "Nimekaa, mama."

Mume wangu alikuwa kizingitini, amelowa mpaka kofia, na mkononi, ndani ya jani la mgomba alilolikunja vizuri lisipitishe maji, ameshika waya wa umeme. Aliukuta mezani. Alikuwa amesikia habari ya Ijumaa. Yale magoti yasiyofika Ikuti yalikuwa yamefika Bagamoyo.

Hakuna mlango wa nyuma kwenye duka lile. Mkamwana alifunika uso kwa viganja, na ndizi zinangoja. Mume wangu alitazama juu kwenye dari. Mwenye duka aliwatazama wote wawili, na kwa kuwa amezaliwa katikati yetu hakuuliza swali hata moja. Alivuta jora la kitenge kutoka kwenye shubaka, akalifungua kwa mkupuo, akasimama katikati ya duka lake na kulinyoosha kwa mikono miwili kama pazia.

"Mzee, pita nyuma yangu, geukia unga. Bibi, pokea waya. Na ukinilowesha kitambaa, mzee, umenunua."

Mume wangu akapita, akageukia magunia ya unga. Nikapokea waya, nikachomeka. Taa nyekundu ikageuka kijani. Mkamwana akaondoa viganja usoni.

Mteja mmoja aliyekuwa akingoja zamu akamnong'oneza mwenye duka, "Kuna mgonjwa?"

"Kuna heshima," akajibu mwenye duka. "Ngoja zamu yako."

Mtandao wa siku zile ulikuwa unatembea kama mzee anayepanda mlima. Mkamwana alimaliza kuyasindikiza mafaili yote, akaipeleka kazi, tukawa tunautazama mstari mdogo ukijaa.

"Zimefika?" likauliza gunia la unga.

"Anauliza zimefika?"

"Bado, mama."

"Bado."

"Mzuzu je?"

"Anauliza Mzuzu."

"Mzuzu imepita. Sasa inapita Uganda."

"Mzuzu imepita."

"Alhamdulillahi," akasema mwenye duka. Mikono yake ilianza kuchoka na kitenge kikawa kinashuka, kofia ya mume wangu ikachomoza juu. "Bibi, ndizi zenu ni nzito."

"Inua," nikamwambia.

Akainua. Mstari ukajaa. Nikasogeza simu, nikaiweka katikati ya sikio langu na lake.

"Nimepokea," kijana akasema. "Natazama." Tukamsikia akibonyeza. Akabonyeza muda mrefu, na mimi ninajua sasa karani wa chai anavyoonekana ukiwa huwezi kumwona. "Sioni kitu."

Nikaivuta simu kwangu. "Huoni ndizi?"

"Ndizi zipo, mama. Taka ndiyo sioni."

"Basi sema vizuri, kijana. Kuna watu wazima huku."

Akacheka. Kisha akamwambia mkamwana kwamba Jumatatu wanaanza viazi, na viazi achukue yeye. Mkamwana akasema sawa, kaka, kwa sauti ndogo, kama ameombwa apitishe chumvi. Aliikunja kompyuta. Mume wangu akakohoa nyuma ya kitenge, akatoka kinyumenyume mpaka mlangoni, uso kwa magunia, mwenye duka akimfuata na pazia hatua kwa hatua. Nje akageuka, akashika njia. Upindo wa kitenge ulikuwa umelowa. Ilibidi tukinunue, na nguo ile niliivaa kanisani.

Kesho yake alfajiri mkamwana alikwenda bondeni kukata majani. Kikohozi mlango wa mbele. Buti. Kofia. Mkamwana aliporudi na mzigo kichwani alipita kuangalia mashine yake, na mimi nikamuuliza kama faili limezaliwa.

"Limezaliwa, mama. Kila folda."

"Utalifuta?"

"Ya nini? Linakaa hapa nyumbani. Ghalani haliendi."

Akatua majani mbele ya ng'ombe, akanawa mikono, akaniomba mbegu za maharage na jembe dogo. Nyuma ya jiko palikuwa na kipande nilichokiacha tangu magoti yangu nayo yaanze maneno. Alilima asubuhi yote. Nilipokwenda kuangalia, mistari yake ilikuwa imepinda kama njia ya mbuzi, na nikamwambia.

"Imepinda, mama," akakubali, akafukia mbegu nyingine palepale. "Mwakani nitainyoosha."